Dawa ya Bibi Msimu wa Ngoro

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Anjela mdogo wangu, Bibi alipoangusha jembe shambani akashindwa kuliokota. Wewe ulibaki nyumbani na homa yako, hukuona. Nakuandikia sasa kwa sababu naondoka kwenda kuanza kidato cha tano, na nikishaondoka wewe ndiye utakayelala chumba kimoja na Bibi. Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Maneno ya namna hii nikiyaanza, naishia kucheka na kuinama. Kwenye karatasi sioni haya sana.

Tulikuwa kwenye ngoro. Majirani walikuja kutusaidia, kama sisi tulivyokwenda kwao juma lililotangulia. Wanaume walikuwa wanafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, sisi wanawake tunafuata nyuma, tunachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule, shimo la ngoro linabaki katikati. Baba alikuwa juu na fyekeo, Bibi chini yake kidogo. Unakijua kile kilima kikishafyekwa. Hakuna kichaka, hakuna mgomba, mtu akiinama upande huu anaonekana hadi ng'ambo ya bonde.

Jembe likamponyoka. Bibi akaliinamia, vidole vikakataa kushika. Mama akamwita, na alipogeuka kuitika mdomo wake ulikuwa umeenda upande, neno likatoka limepondeka. Baba alitupa fyekeo akakimbilia barabarani kutafuta pikipiki. Zilipatikana mbili. Mama akampakata Bibi kwenye moja, mimi na Baba tukafuata kwenye nyingine, tukishuka na kusukuma kila palipokuwa na matope. Njia nzima nilisali Salamu Maria bila kufika mwisho, nikawa naanza upya.

Kituo cha afya tulimkuta daktari mmoja mtu mzima, nywele nyeupe, lakini bado alimwamkia Bibi shikamoo kabla ya kumgusa. Alimpima presha, akarudia. Mdomo wa Bibi ulikuwa umeanza kurudi mahali pake. Daktari alituambia wazi kwamba kiharusi kilikuwa kimepiga hodi tu, na kikija tena na presha ikiwa juu vile, huenda asiamke.

Akamuuliza kama dawa ya presha aliyoandikiwa anakunywa. Bibi akajibu anakunywa. Mama akafungua pindo la kanga ya Bibi, akatoa pakiti, na karibu vidonge vyote vilikuwamo. Hapo Mama alishindwa kujizuia. Alisema mengi, kwamba sisi tunahangaika na barabara ile kumfuatia dawa, kwamba anajitafutia kifo, kwamba watu watasema hatumtunzi. Sitaki ufikiri Mama ni mkali. Alikuwa analia huku anasema. Bibi alikaa kama mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani, anaangalia vidole vyake.

Daktari alimwacha Mama amalize. Kisha akasema, "Mama, ukimfokea leo, kesho atavitupa chooni ili pakiti ionekane tupu. Halafu mimi nitaona presha haishuki, nitamwongezea nyingine juu ya hiyo." Akavuta kiti karibu na Bibi. "Bibi, hii dawa inakusumbua wapi?"

 Niliona macho ya Bibi yakienda mlangoni, alikosimama Baba, yakarudi chini upesi. Daktari naye aliona. Akamwomba Baba akatafute chai ya mgonjwa, na chai pale huuzwa mbali, kule stendi. Baba akaenda.

"Sasa tuko wenyewe," daktari akasema.

"Mwanangu," Bibi akasema, "ile dawa inanikimbiza kukojoa. Nikinywa asubuhi, siwezi kulima mstari mmoja sijaenda. Nimebanwa katikati ya ngoro, mkwe wangu yuko juu anafyeka, naona mpaka jasho lake. Naenda wapi mimi? Nijifunike na jembe?"

Nilicheka, Anjela. Nakwambia ukweli. Mama naye alicheka machozi yakiwa bado shavuni. Unajua Bibi alivyo kwa Baba, mkwe aliyemwoa binti yake. Hali chakula mbele yake, na Baba akiingia yeye anahama kigoda. Miaka yote hiyo hata neno choo hajawahi kulitamka Baba akiwa karibu. Basi siku za kwenda shambani alikuwa haimezi, na msimu wa ngoro kila siku ni ya shamba. Siku za mvua kubwa na Jumapili ndipo alipokuwa anameza. Hakuwa mkaidi, wala hakusahau. Alikuwa anamheshimu mkwe wake.

Daktari hakumcheka. Alimshukuru. Alimwambia dawa hiyo kazi yake ni hiyohiyo, kutoa maji mwilini, kwa hiyo anavyokwenda haja ndiyo ishara inafanya kazi. Akambadilishia saa. Akasema ameze akishatoka shamba na kunawa miguu, jua likiwa bado lipo, asije akaamkaamka usiku. Bibi akauliza, "Kumbe saa inabadilika?" Daktari akamjibu kwamba inabadilika wakikubaliana wote wawili, ila asiihamishe peke yake.

Walimlaza siku kadhaa, tukarudi naye. Vidole vimepona, isipokuwa kufunga kanga anachelewa kidogo, umemwona.

Sasa hili la mwisho hulijui. Mama anaapa hakumwambia Baba kitu. Labda alisikia, labda aliwaza mwenyewe njiani na ile chai. Siku tuliyorudi kumalizia ngoro alitangulia shambani, na tulipofika tukakuta amesimamisha uzio wa nyasi pembeni, wa kumfikia mtu kifuani, na mlango wake umeelekea bondeni. Akasema ni wa kuweka chungu cha uji kisipigwe jua. Chungu hakuna aliyekipeleka huko. Bibi aliutazama, akaendelea kulima. Jioni kwenye sala alimshukuru Mungu kwa mkwe, akataja jina lake lote hadi la ubatizo, na Baba akakohoa.

Kwa hiyo mdogo wangu, nakuachia Bibi. Usimuulize mbele za watu kama amekunywa dawa, atakujibu ndiyo. Kaa naye akiwa ananawa miguu, mpe maji, mwone akimeza. Ukiona vidonge vimebaki usipige kelele. Muulize kinachomsumbua, halafu nyamaza hadi ajibu, hata akichelewa. Huenda ni tumbo, huenda ni kizunguzungu, huenda ni haya, na haya ya mtu mzima ni kitu kizito kuliko tunavyodhani sisi. Akikuambia, mshukuru, na umwambie Mama ampeleke kwa daktari. Wewe usimpunguzie wala usimwongezee, hata akikubembeleza.

Mimi namshukuru daktari yule aliyetaka jibu la kweli, na Baba kwa uzio ule, na Bibi kwa kusema neno lililomwia gumu vile mbele yetu. Angelimeza neno lile, leo ningekuwa nakuandikia habari za msiba.

Mungu akubariki, Anjela. Akupe subira ya kukaa karibu na mzee bila kumharakisha, na wewe ukizeeka akupe wajukuu watakaokuuliza taratibu. Na nikirudi likizo ya Desemba, nimkute Bibi amekaa jikoni, ananiuliza kwa nini nimekonda.