Jina Lililotoka Mgongoni mwa Shati

Enzi zetu pale Kasongo, jina halikuwa pambo. Tulicheza mpira wa majani ya migomba mpaka magoti yakachubuka, tukala bugali na sombe, majani ya muhogo yenye mawese ya kutosha, na mtoto aliyepewa jina la marehemu aliheshimiwa kama marehemu mwenyewe. Mimi nilibeba jina la babu, kwa hiyo bibi aliniita mume wake, hata akinigombeza: "Bwana yangu, kwenda kuoga, unanuka!"

Taabu ilikuwa jina la pili, la ubatizo. Baba, Mungu amrehemu, alilisoma mgongoni mwa shati la mitumba sokoni: Bradley. Likampendeza, basi. Bibi akaja juu. "Jina inaita mambo," akasema. "Kama maana yake iko mubaya, huyu mutoto asibatizwe!" Wenzangu wakashonewa mashati meupe ya Pasaka, mimi nikabaki kuwatazama. Je, kama lilikuwa jina la sabuni? Au la mwizi fulani wa Ulaya?

Katekisti wetu alikuwa na buku la majina ya Kiingereza, lakini alikuwa amemwazima mwenzake wa Kabambare. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Tulingoja wiki mbili nzima, mpaka mfanyabiashara mmoja akalileta kwa baiskeli, limejaa matope.

Jumapili, baada ya misa, tukapanga mstari. Edward akaambiwa jina lake ni mlinzi wa mali, akavimba kichwa. Calvin akaambiwa maana yake ni kipara. Mama yake akapiga yowe, naye maskini akashika nywele zake kwa mikono miwili. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nahesabu waliobaki mbele yangu.

Zamu yangu ikafika. Katekisti akapitisha kidole polepole kwenye ukurasa.

"Bradley. Kiingereza cha zamani. Mahali papana palipofyekwa msituni."

Bibi akasogea. "Ni kusema, shamba?"

"Ndiyo, mama, shamba."

"Kubwa?"

"Kubwa sana."

Ee Mungu wangu! Bibi alikaa chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Bradley!" akaniita, kwa mara ya kwanza. Nilishusha pumzi, nikajisikia mwepesi hata nikatamani kuruka. Pasaka nikabatizwa.

Vijana wa leo wanatafuta jina kwenye simu kabla tumbo halijaonekana, maana yake inatokea hapo hapo, kisha mtoto anaitwa "Bebe" mpaka anaota ndevu. Heri yao, hawakungoja baiskeli ya Kabambare. Ila siku ile bibi alinipa mkono nimwinue, akaninong'oneza: "Bwana yangu, mimi sikulala hata usiku moja." Kumbe wiki zote mbili, yeye ndiye aliyeogopa kunishinda. Siku hizi, nani anamwogopea mtoto kiasi kile?