Makala ya Kesho

Jirani yangu hapa Gihosha akiwasha mbabula, jiko lake la makaa, siku ya mvua, moshi wa makala yaliyoloa unaingia jikoni kwangu, na mimi kwa mawazo narudi mtaa wa Jabe, kwenye chumba tulichopanga tulipovuka mpaka kutoka kwetu Uvira.

Mama alinunua gunia moja kila mwanzo wa mwezi, akagawa makala kwenye vifuko, kila siku na chake. Pesa iliyobaki ilikuwa ya mwenye nyumba, na mgeni asiyelipa hutolewa nje.

Jioni moja moto ulizimika maharage yakiwa bado magumu. Dada yangu akanyoosha mkono kwenye kifuko kilichofuata.

“Apana,” mama alisema. “Ile ni ya kesho.”

“Lakini njaa ni ya leo, mama.”

“Kesho nayo itaamuka na yake.”

Akapakua hivyo hivyo. Tukatazama sahani, hakuna aliyegusa. Mama akatia kijiko kinywani, tukasikia maharage yakivunjika kati ya meno yake. Hakukunja uso. Akavuta kifuko cha kesho nyuma ya mgongo wake, akachota kijiko kingine.