Uyoga wa Jirani na Ngazi za Wheaton

Mimi ni mjinga. Naanza na hilo ili mtu asijichoshe kunitafutia jina lingine. Nina miaka sitini na nne, nimezaa sita, nimezika mume, nimechuma majani chai mpaka vidole vikawa vyeusi, na bado nikala uyoga wa kulewesha!

Nililetwa hapa Silver Spring, ughaibuni, na binti yangu, nesi ambaye mumewe anafanya kazi mbali, nimlelee mtoto. Mtoto ana miaka mitano na ana jina langu, kama desturi yetu inavyotaka, kwa hivyo silitaji. Nikilitaja, kanisa zima litajua ni nani. Na jinsi nilivyokuwa nikijigamba kanisani! "Wangu anasoma kitabu! Wangu hajui kulia!" Wenye wajukuu wa kawaida wakiniona walibadilisha kiti.

Basi baridi ikaja. Saa kumi na moja jioni giza! Mti hauna jani, mtu hana salamu. Nikawa nakaa kwa kochi nikitazama ukuta kama kuku aliyenyeshewa. Machozi yananitoka nikikata sukumawiki, na sukumawiki si kitunguu. Binti akiniuliza, "Mum, uko sawa?" namjibu, "Sawa kabisa." Ningesemaje? Mtu amekuleta kwa ndege, amekupa chumba chenye hita, halafu umwambie una huzuni?

Chini ya jengo letu kuna chumba cha mashine za kufulia. Huko nilikutana na mama mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu, mjane kama mimi. Kiingereza changu ni cha darasa la nne, lakini mjane akikutana na mjane hawahitaji kamusi. Siku moja akaniona nafuta macho na soksi ya mtoto. Akatoa kichupa. Ndani, vipande vya uyoga mkavu, vimejikunja kama masikio ya mzee.

Akaniambia anakula chembe tu, ndogo kama ukucha wa mtoto, halafu anapumzika siku mbili. Si ya kulewa, akasema. Ukiisikia mwilini, umezidisha. "Na serikali?" nikamuuliza. Akaweka kidole mdomoni. Hapo mtu mwenye akili angebeba nguo zake, hata zikidondosha maji, aende! Mimi nikanyoosha mkono.

Na sitawadanganya, niliona nafuu. Wiki ya pili nikaanza kuimba nikiosha vyombo. Nikamsuka mtoto mistari ambayo sijaisuka tangu binti zangu wakiwa wadogo. Nikamsalimia dereva wa basi, maskini akashtuka. Siku hizi najiuliza kama ni uyoga ulionichangamsha, au ni kule kuwa na mtu wa kuongea naye nguo zikizunguka. Sijui. Hata jirani hakujua. Lakini wakati huo nilijua kila kitu! Nikaacha hata vidonge vyangu vya presha. Nilisema moyoni, kama Wazungu wenyewe wamerudi kwa dawa za porini, mimi niliyetoka porini nang'ang'ana na vidonge vya nini?

Ikafika Jumamosi ya kupiga picha. Nilikuwa nimeshonesha vitenge sare, mimi na wajina wangu, twende kwa lile duka kubwa la Wheaton tupigwe picha dada zangu nyumbani waone. Binti alikuwa kazini. Asubuhi nikala chembe yangu ili uso ung'ae. Nusu saa, kimya. Sasa mimi tangu nizaliwe sijawahi kupima unga wa ugali. Napima kwa jicho. Nikaongeza kwa jicho.

Jameni, jicho ni la ugali!

Mpiga picha akaniambia nicheke. Nikacheka, halafu nikashindwa kuacha. Maua ya kitenge yalikuwa yanafunguka na kujifunga yenyewe. Nikajiambia ni njaa, twende nyumbani. Nikamshika mtoto mkono mpaka stesheni ya treni.

Anayeijua stesheni ya Wheaton anazijua zile ngazi za umeme. Zinashuka ardhini mpaka mtu wa huko chini anaonekana kama siafu. Mtoto anazipenda. Akakanyaga. Mimi nikaangalia ile ngazi ya kwanza, nikaona ina meno, na inatafuna. Haki ya Mungu, inatafuna! Nikaruka nyuma. Nikauachilia mkono wake.

Nilimwachilia, mimi!

Akashuka peke yake, amegeuka ananiangalia, "Shosho, come! Shosho!" na kila nikisikia sauti iko mbali zaidi. Miguu ilikataa. Nikakaa sakafuni, kitenge kimetandazika, nikapiga kamsa kama ng'ombe wameibwa. Watu wakanizunguka, nami nawaambia kwa lugha ya kwetu wakifunge hicho kinywa.

Mfanyakazi wa stesheni alimkuta huko chini ameshikilia nguzo, akampandisha. Mtoto ndiye aliyetoa namba ya simu ya mama yake. Nilimfundisha kwa wimbo, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya mwaka ule. Binti akaja na nguo za kazi. Akanipita kama ukuta, akamkumbatia mtoto, akampapasa kichwa, mikono, magoti. Ndipo akaniangalia.

"Mum, ni nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nikasema, "Ni presha."

Hospitalini daktari akauliza, binti akatafsiri: umekula dawa yoyote? Mitishamba? "Hata panadol sijagusa!" nikaapa. Na presha kweli ilikuwa juu, si nilikuwa nimeacha vidonge! Wakataka kunipima kichwa. Baba yake binti alikufa kwa kiharusi, alianza hivyo hivyo, kuongea maneno yasiyoeleweka. Binti hakwenda kazini siku tatu. Ananilisha uji kwa kijiko, nami mzima kama jiwe, nafungua mdomo!

Siku ya tatu nikamsikia bafuni. Alikuwa amefungulia maji ili nisisikie analia. Nikagonga.

"Fungua. Si kiharusi. Ni uyoga."

"Uyoga gani?"

"Ule wa kulewesha. Nilikula kidogo. Halafu nikaongeza."

Alikaa kwenye ukingo wa bafu akanitazama. Mimi mpumbavu nilidhani atacheka.

"Mum, uyoga ningekusamehe pale pale stesheni. Lakini siku tatu nimekuwa nikikuzika."

Mtoto sasa akitoka shule anapelekwa kwa mama mmoja Mtanzania, mtaa wa pili. Mimi nampata Jumapili, mama yake akiwa papo hapo. Na mtoto, Mungu ambariki, aliwaeleza wenzake kanisani kwamba shosho aliona ngazi zinakula watu. Sasa wale niliokuwa nikiwaringia wananisalimu mlangoni: "Mama, leo ngazi zimeshiba?" Nami najibu zimeshiba. Nitafanya nini?

Kumbe huzuni ya baridi daktari anaijua! Nilipomwambia ukweli alinirudisha kwa vidonge vya presha, akanipa na taa ya mwanga mkali kama jua, ya kukaa mbele yake asubuhi. Taa! Nusura nimpoteze mtoto, na kulikuwa na taa!

Sisemi uyoga ni shetani. Pengine wenye masomo watakuja kuupima kwa mizani watuambie unafaa nani na unamdhuru nani. Mimi sina mizani, nilikuwa na jicho na mtoto wa wenyewe.

Wazee wenzangu mliokuja kulea, moyo ukikulemea, sema. Mimi niliona aibu kumwambia mtu mmoja neno moja. Sasa nimemwambia binti, mkwe, daktari, mchungaji, na nyinyi wote, na mtoto bado nampata Jumapili tu.