Kijisanduku Cheupe

Kaka yangu ni mbishi, na simsengenyi; nimemwambia usoni mara mia. Miaka thelathini na moja amekuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi yake kuwinda nukta zilizopotea, ndiyo maana wenzake wanamwita Wino. Kwake barua pepe ni maneno, basi. Ikija yenye rangi, picha na herufi za mikogo, anaguna: "Anayejaza mapambo hana la kusema." Vijana wa usanifu pale kazini wakimjibu kwamba macho nayo yanataka haki yake, ubishi unaanza mpaka chai inapoa. Mwishowe akaipanga kompyuta yake ionyeshe maandishi matupu. Picha zote zikabaki vijisanduku vyeupe.

Ana binti mmoja tu, anaishi ng'ambo. Walikosana siku tulipomzika mama yake, wakatoleana maneno makali, na kwa miaka minne hawakupigiana simu. Waliandikiana barua pepe tu, za salamu, za kukwepana. Lakini viatu vya binti bado viko mlangoni kwa kaka, na ole wako uvisogeze. Akisikia mtoto wa jirani anaita "Baba!" anageuka. Alimtamani mwanawe, jamani, ila kulisema ndiko hakuweza.

Mwezi uliopita ikaja barua ya binti: kijisanduku cheupe, na chini yake mstari mmoja, "Baba, soma hapo juu." Kaka akacheka. "Hata mwanangu kaanza kunitumia maua!" Hakukifungua. Jumamosi akaja kwangu kunitengenezea mlango, akashinda hapo.

Jioni jirani yake akatupigia simu. Binti alikuja na sanduku lake la safari, akakaa kwenye ngazi toka saa nne mpaka saa nane, kisha akaita teksi.

Nikamlazimisha kaka anipe neno lake la siri, nikaifungua ile barua kwenye simu yangu. Ilikuwa kadi, maua ya zambarau pembeni, na katikati maneno ya mwandiko wake mwenyewe: "Baba, nina safari ya kikazi huko, nitapita Jumamosi saa nne. Kama bado una kinyongo, usiwepo tu. Nitaelewa, sitakusumbua tena."

Kaka akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaichukua simu, akapitisha kidole chini ya kila neno kama afanyavyo kazini.

"Zambarau," akasema. "Mama yake alipenda zambarau."

Nilikuwa nimejaa mpaka hapa, nilitaka kumgombeza sawasawa. Nikashindwa, nikalia mimi.

Akapiga namba ya zamani, haipatikani. Akaandika kwa simu yangu hiyo hiyo: "Mwanangu, sikuiona. Ningekungoja tangu alfajiri." Wiki ya tatu hii, jibu hakuna, na kaka kila jioni yuko kwangu. Kila simu yangu ikiita, kaka anasimama.