Mama Aliyekufa kwa Taipu

Miezi michache iliyopita nilikuwa Gatina, Kawangware, kwa mpiga taipu, nikingoja barua yangu. Mbele yangu alisimama mama kutoka Mashimoni, Kibera. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kinaomba wafadhili wawajengee choo, na ombi lao la kwanza lilikuwa limekataliwa.

Mpiga taipu akamkabidhi karatasi. "Hii itapita, mama. Nimeiongezea nguvu."

Mama akasoma, kidole kikifuata mistari. Ghafla kikasimama.

"Umeandika watoto wangu ni mayatima?"

"Wafadhili wanataka mayatima siku hizi. Choo tu haiwezi kuwagusa."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikufa mwaka jana," akajibu, akipangusa mashine.

Mama akashika meza kwa mikono miwili.

"Mwaka jana nilimzika dada yangu. Watoto wake wako kwangu. Usinichezee na kifo."

Mpiga taipu akaacha kupangusa.

"Andika vile tuko. Choo ni kimoja, mtaa mzima tunapanga laini. Andika mawe tumeshakusanya, na fundi ni mume wangu."

Akaandika upya.

Juzi nilikutana na yule mama. Ombi limepita. Afisa wa wafadhili alimwambia yale mawe ndiyo yaliyomshawishi.

Nilifurahi, lakini mshtuko haujanitoka. Najiuliza ni akina mama wangapi ni marehemu kwenye mafaili ya wafadhili, na asubuhi wanagombania maji Kibera.