Mizani na Shemeji

Nilikuwa mpima mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Kigoma, na sikumwamini mtu. Mfanyabiashara akinichekea, nalipima gunia lake mara mbili. Niliyemshuku kuliko wote ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyepanga mizigo ndani ya ndege na kusafiri nayo. Siku moja nilimkuta ameketi juu ya gunia ambalo sikukumbuka kulipima. Basi, nikaamini anaingiza magunia kinyemela.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilimwambia mke wangu.

Aliguna tu, akaendelea kuchambua dagaa wake.

Asubuhi ile ndege ilibeba dagaa wakavu wa Ujiji na kahawa ya Kalinzi. Shemeji alinisalimia kwa Kiha akipanda, "Mwakeye, shemeji." Sikuitika.

Ndege iliruka. Kabla haijafika juu ya ziwa, injini ya kulia ikapiga kishindo, ikatoa moshi mweusi, pangaboi lake likasimama. Ndege ikainama upande mmoja na kuanza kurudi kwetu, chini mno. Niliogopa, wallahi, lakini hofu yangu ilikuja na hasira. Nikapayuka mbele ya wapakiaji wote, "Amezidisha uzito! Nilijua tu! Atawaua marubani wa watu yule!"

Ikatua kwa kudunda mara mbili, ikasimama. Shemeji akashuka. Hata pole sikumpa. Nilimtaka msimamizi wetu ashushe kila gunia lipimwe upya, na mtu huyu afukuzwe leo hii hii.

Tulipima hadi adhuhuri. Uzito ulikuwa uleule nilioandika. Nikaigeukia mizani, labda kaichezea. Mizani ilikuwa nzima.

Ndipo fundi akatuita. Mdomoni mwa injini alikuwa ametoa manyoya ya kahawia na mguu wa mwewe. Akatuonyesha mwisho wa barabara ya kurukia, ambako mwewe wengine walikuwa bado wanazunguka. Chini yao, juu ya nyasi, kulikuwa na nyavu zimetandazwa, zimejaa dagaa.

"Nani anaanika dagaa ndani ya uwanja?" msimamizi akauliza.

Mvua zilikuwa zimelowesha mchanga wote wa ufuko wa Kasingirima, tunakoanika siku zote, nami ndiye niliyemwambia mke wangu aanike pale, pana jua na hapapiti mtu. Shemeji alijua. Ndiye aliyembebea dada yake zile nyavu kwa pikipiki.

Alinitazama, kisha akatazama chini. "Sijui, mkuu."

Nilitaka afukuzwe, naye akadanganya ili mimi nisifukuzwe.

"Ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeruhusu."

Kisha nikamgeukia shemeji, nikaitikia salamu yake ya asubuhi. Safari hii yeye ndiye aliyenyamaza.