Siku Mjomba Aliposhikwa Mguu

Mdogo wangu wa mwisho, huyo niliyembeba mgongoni mpaka kiuno kikapinda, ndiye anayeongoza kwa kucheza kabadi huku Newala. Amepita miaka arobaini, mvi zimeanza juu ya masikio, na bado vijana hawakubali kupambana na Masasi bila yeye. Sisemi hivi kwa sababu ni ndugu yangu. Haya, nasema kwa sababu ni ndugu yangu, lakini pia ni kweli.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana mimi mara ya kwanza nilidhani watu wanagombana, nikatafuta pa kukimbilia. Uliletwa na mwalimu mmoja wa michezo aliyehamishiwa huku. Watu saba upande huu, saba upande ule, katikati mstari. Mmoja anavuka kwenda kwa wale wengine akisema "kabadi, kabadi, kabadi" kwa pumzi moja, bila kukata. Akimgusa mtu kisha akarudi kwao, aliyeguswa anatoka nje. Wakimkamata, au akiacha kulisema lile neno akiwa kwao, anatoka yeye. Basi. Mpira hakuna, viatu hakuna. Ni miguu na mapafu tu, na kwa mapafu sisi wa huku juu hatujambo.

Mapafu yale tuliyapata kwenye maji. Enzi zetu mabomba hayakuwepo, tulishuka bondeni kuchota, tukapanda ule mlima na ndoo kichwani. Mdogo wangu alinifuata na kidumu chake, anaimba. Kila kona ya njia alitaka aimalize kwa pumzi moja. Na njia ile ilikuwa na watu, kila mkubwa mnayekutana naye lazima aamkiwe, hata kifua kikiwa kinawaka moto. Siku moja tukampita bibi mmoja, mdogo wangu hakumwamkia, akasingizia kwamba pumzi imemwishia. Nilitua ndoo yangu. Nikamshika mkono, nikamrudisha chini kote kule mpaka tukampata yule bibi, akamwamkia. Tangu siku hiyo salamu haimpiti. Hata ana tonge mdomoni, mtu akimsalimu ataitikia. Mkewe analalamika mpaka leo kuhusu wali unaoruka.

Uwanjani haendi kwa mbio. Anajongea ubavuubavu, macho chini, kama mtu anayetafuta korosho zilizojificha kwenye majani makavu. Unafikiri amechoka. Ghafla mguu wa kushoto unachomoka, kidole gumba kinamgusa mtu kwenye goti, na yeye ameshageuka anarudi kwao. Masasi nako kuna watu. Yupo jamaa wa Nanganga, anauza vitunguu kando ya barabara, mnene, kazi yake ni kukumba: anakusukuma kwa kifua mpaka nje ya uwanja, halafu anakuinua na kukupangusa vumbi. Na yupo kijana wa Chiwata, mkulima, anayekaa pembeni kushoto, amechuchumaa. Huyo haangalii uso wako wala mikono. Anaangalia kisigino. Kikitua vibaya, kifundo cha mguu kimeshaingia kwenye viganja vyake viwili, na hapo hutoki.

Sasa huyo wa Chiwata ndiye aliyemtaka binti yangu.

Barua ya posa ililetwa na wazee wake, kwa heshima zote. Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba ni huyo mdogo wangu. Barua akaiweka. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nikamfuata shambani, anapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, manjano mpaka kwenye kope.

"Wenzako wanasubiri jibu," nikamwambia.

"Dada, nitamwozaje mpwa wangu kwa mtu anayenilisha mchanga kila tukikutana?"

"Huo ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Ila mimi namjua viganja tu. Adabu yake sijaijua."

Nyumbani binti yangu alikuwa anafagia uwanja mara tatu kwa siku. Uwanja haukuwa na kitu. Mimi ni mama, nilikuwa naona. Alimpenda yule kijana, na asingeenda popote mjomba wake asiporidhika.

Ndipo ikaja ile mechi, hapa hapa Newala. Kanta, lile lori dogo la Masasi, lilipata pancha wakipanda mlima, wakafika mwamuzi ameshanuna. Wakashuka, wakavua viatu, wakaingia moja kwa moja. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Mimi na binti yangu tulitandika kanga karibu na mstari. Washabiki wa Masasi, ambao ni watani zetu, wakaanza: "Enyi watu wa juu! Leo mmeoga, au bado mnasubiri mvua?" Mama mmoja wa kwetu akasimama: "Maji tunayo, watani! Tumewawekea ya kunawia machozi!"

Wakacheza mpaka dakika za mwisho, pointi sawa kwa sawa. Zamu ya mwisho ya kuvuka ikawa ya mdogo wangu. Nikamwona anaanza kujongea ubavuubavu, kabadi, kabadi, na salfa bado imo nyweleni. Akaelekea kulia. Akayumba. Mguu ukachomoka kushoto.

Yule kijana alikuwa anausubiri. Akaudaka kifundoni.

Mdogo wangu akaanguka kifudifudi kuelekea kwetu, vidole vyake shubiri moja tu kutoka mstari, na bado anasema kabadi, kabadi, sauti inatoka mchangani. Pumzi anayo. Pumzi ya mlimani ile. Anajivuta. Binti yangu alikuwa ameng'ata pindo la kanga, sijui anamwombea nani.

Halafu yule kijana akainua uso. Nilikuwa karibu, niliuona vizuri. Ulikuwa uso wa mtu aliyekumbuka jambo. Tangu ashuke kwenye kanta hakuwa amemwamkia mjomba mtu, na sasa amemshika mguu. Akauachia. Mikono yote miwili akaitoa, kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Shikamoo, mjomba."

Mguu uko huru. Mstari uko pale. Angenyoosha mkono tu, mechi ni yetu.

"Marahaba, mwanangu," akasema mdogo wangu. "Hujambo?"

Filimbi. Amekata kabadi, ametoka, Masasi wameshinda.

Kelele zilizofuata! Yule wa vitunguu, pamoja na kwamba wameshinda, alimvamia mwenzake: "Wewe una wazimu? Umemwachia!" Vijana wetu nao wakamzunguka mdogo wangu. "Mjomba, si ungevuka kwanza ndipo uitikie?"

"Nivuke, nimwache na shikamoo yake?"

"Amekutega yule! Anajua huwezi kunyamaza!"

Neno hilo la kutegwa likaenea uwanja mzima. Likaja mpaka nyumbani kwangu, maana jua lilipopoa mdogo wangu alikuja kula. Binti yangu akamnawisha mikono, maji yakamwagika zaidi nje ya beseni kuliko ndani. Kama ilikuwa ujanja, posa imekufa, sote watatu tulijua.

Nikashindwa kuvumilia. "Alikutega?"

Akamaliza tonge kwanza. "Nimeliwaza njia nzima. Dada, mtu wa kutega angeniamkia huku amenishika. Huyu ameniachia, ndipo akaniamkia. Nilikuwa na nafasi ya kuondoka, na yeye alijua."

"Kwa hiyo?"

"Lete karatasi tuijibu ile barua."

Hapo tena kukawa na shida. Mimi niliishia darasa la nne, na mwandiko wa mdogo wangu hata yeye hausomi. Ikabidi aandike binti mwenyewe, mjomba akimtajia maneno. "Andika: tumemkubali." Akaandika. Siku zote posa hujibiwa na wazee, lakini nawaambia ukweli, ile yetu ilijibiwa na mwari, na mwandiko ulikuwa mzuri ajabu.

Sasa wameoana, na kabadi bado inaendelea. Kabla filimbi haijapigwa, mkwe wangu anavuka uwanja wote, anamwendea mjomba, anainama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hivyo umeshaniamkia, eti?"

"Nimeshakuamkia, mjomba."

"Haya. Nenda kachuchumae kwenu."

Juzi mdogo wangu alinijia anachechemea, kifundo kimevimba kama muhogo. Nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Kila nikikandamiza anaguna, halafu anacheka. "Ana mikono yule," ananiambia. "Dada, ana mikono!"